Ndengu ya mathe wa Nyamakima: nimekula hapo miezi minne na tumbo langu ni shahidi

Watu wa tao mnaouliza kila siku mahali pa kula lanchi ya maana bila kumaliza pesa ya fare, hii naiandika kwa roho safi juu nimekaa nayo kwa kichwa kitambo. Kuna mathe anapika ndengu, madondo, kamande na siku zingine njahi kwa kibanda cha mabati hapo nyuma ya maduka ya nafaka Nyamakima, ukitoka upande wa Kirinyaga Road uingie kwa kachochoro penye mikokoteni inashukisha magunia, utaskia harufu ya dhania na vitunguu kabla hata uone kibanda chenyewe. Hakina jina wala bango, ni mabenchi mawili na meza moja ndefu imetandikwa plastiki ya maua, na majiko matatu ya makaa kando. Ndengu sahani moja ni 60, ukiongeza chapo moja ni 80, na wali ni 100, kipande cha ovakado 20 kama msimu uko. Madondo bei ni hiyo hiyo. Njahi ni 80 juu hata yeye ananunua ghali.

Kwa nini narefusha maneno juu ya kibanda cha ndengu, na Nairobi iko na mia ya vibanda vya ndengu? Ni juu ya vile hiyo ndengu inapikwa, na vile imenifanyia.

Mimi nauza spea za magari hapo Kirinyaga Road, ile kazi ya kukaa kwa stuli nyuma ya kaunta kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa miaka kama mitatu choo ilikuwa shida, naenda mara mbili kwa wiki, wiki zingine mara moja, ngumu kama mawe, mpaka bawasiri ikaanza na ile aibu ya kukaa upande mmoja wa stuli mteja akiwa mbele yako. Watu hawapendi kuongelea hii maneno lakini najua tuko wengi, madereva, makarani, mafundi wa kushona, sisi wote wa kukaa. Nilipoona damu kwa tishu nikaenda hospitali, na ukiona damu pia wewe enda, usijiambie ni bawasiri tu juu inaweza kuwa kitu kingine. Walinichunguza wakasema ni bawasiri kweli, lakini kwa damu ya mkono wakakuta ile kolesteroli mbaya, LDL, iko juu, 4.3 mmol/L. Niko na miaka 44. Mzee wangu alianguka na stroki akiwa na 58.

Daktari aliniuliza swali moja tu, unakula nini. Nikamwambia ukweli, asubuhi chai na mkate mweupe, mchana chipsi na soseji, jioni ugali ya unga laini na nyama. Akachukua kalamu akaanza kunihesabia faiba, yaani zile nyuzinyuzi za chakula. Nyama sufuri. Soseji karibu sufuri. Maziwa ya chai sufuri. Mkate mweupe slesi mbili hazifiki gramu 2. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwa chakula chenyewe, na mimi sidhani nilikuwa nafika hata nusu. Halafu akaniambia kikombe kimoja cha ndengu iliyoiva kiko na karibu gramu 15, kamande pia hapo hapo 15, maharagwe mekundu kama 13. Kikombe kimoja! Nilitoka hapo nikijiambia hii kitu mama yangu alikuwa anatupikia kila Jumanne na Alhamisi tukinung'unika.

Lakini sikuanza na ndengu. Nilianza na kopo. Niliingia kemisti moja hapo tao nikasema nataka faiba, nikauziwa poda ya maganda ya isabgol, zile mbegu Wazungu wanaita psyllium, shilingi 2,300. Sisemi hiyo poda ni mbaya, maganda ya isabgol yanafanya kazi kweli, kwa choo na hata kwa kolesteroli, na kuna watu daktari mwenyewe anawaandikia. Kile kiliniuma ni kwamba aliyeniuzia hakuniambia chochote kuhusu maji. Nilikuwa nameza kijiko na maji funda mbili nikimbie kazi, na hiyo kitu bila maji ya kutosha inavimba inakaa hapo kama simiti. Siku ya nne nilikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Ni jirani yangu wa duka la betri alinivuta mkono akanipeleka kwa mathe, akaniambia wewe unanunua unga wa elfu mbili na kitu na dawa iko hapa kwa sitini na ashirini ya chapo.

Sasa mapishi. Hapa nataka niende pole pole, juu mimi nimekula madondo ya vibanda vingi na ni hapa tu nimeona mtu anafanya hivi.

Kwanza yeye hanunui maharagwe ya kuchanganywa. Kama hujui biashara ya nafaka, kuna watu wanachanganya maharagwe ya msimu huu na ya mwaka jana kwa gunia moja, kwa macho yanafanana, lakini maharagwe ya zamani yaliyokaa kwa stoo ya joto yanakuwa magumu hata uchemshe hadi jioni. Kwa sufuria moja unapata zingine zimepasuka na zingine ni risasi. Mathe ananunua gorogoro kadhaa kila wiki kutoka kwa mtu mmoja anayemjua, rosekoko ama wairimu, na ndengu ya Ukambani, anasema ile ndogo inayong'aa wanaita nailoni inaiva haraka na mchuzi wake unashikana.

Jioni kabla afunge anamwaga kwa uteo, anapepeta, anachagua mawe na zile zimetobolewa na wadudu. Anaosha mara mbili, analoweka kwa ndoo ya bluu yenye kifuniko. Alfajiri anamwaga yale maji. Niliwahi kufika mapema siku moja, saa moja asubuhi kabla nifungue duka, nikaona hayo maji yakimwagwa, rangi ya chai ya rangi na povu juu, na nikaelewa ni nini nilikuwa nakula kwingine. Juu ndani ya hayo maji kunatoka sehemu ya zile sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi, ambazo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita zikiwa nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanazivamia, wanatoa hewa, na hiyo hewa ndio ile gesi kila mtu anaogopa kwa matatu. Kuloweka na kumwaga haimalizi yote lakini inapunguza, mimi nimeiskia tofauti kwa mwili wangu mwenyewe.

Halafu anachemsha kwa maji mapya, moto mkali kwanza, sufuria ikitokota kabisa, ndio baadaye anapunguza makaa. Kuna sababu pia. Maharagwe mekundu mabichi yako na sumu yake, aina ya lektini, na inahitaji mchemko wa nguvu angalau dakika kumi ndio iishe, moto wa chini chini hauitoshi, na maharagwe manne ama matano tu ambayo hayajaiva yanaweza kukutapisha. Mathe hajasoma hayo mahali, alifundishwa na nyanyake huko Murang'a. Vile anapima ndio ilinifurahisha. Anatoa moja na mwiko, anapuliza, anaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ifunguke, anaangalia kama ndani ni unga mtupu na kama ganda linaenda pamoja na nyama yake. Halafu anatoa ingine kutoka chini ya sufuria. Halafu ingine kutoka kando.

"Moja ikikuwa ngumu, baba, zote ni mbichi," akaniambia.

Na haweki magadi. Hii kwangu ndio pointi kubwa kuliko zote. Vibanda vingi wanatupia magadi juu makaa ni ghali na magadi inalainisha maharagwe kwa haraka, mimi siwalaumu, biashara ni ngumu. Lakini magadi ni sodiamu, na mtu wa presha ambaye anakula maharagwe akidhani anasaidia moyo kumbe anajiongezea chumvi kwa mlango wa nyuma. Inaua pia vitamini B1, na ile ya Ziwa Magadi inabeba floraidi nyingi. Ukitaka kujua kama imewekwa angalia mchuzi, unakuwa mweusi mweusi unateleza kama sabuni na ladha ya chumvi chumvi ambayo si chumvi. Ya mathe mchuzi ni mzito wa rangi ya udongo, unaona kila harage na ganda lake. Anakaanga na vitunguu, nyanya nyingi, karoti, saumu na dhania, mafuta anapima na kijiko, na vile vikolezo vya paketi hagusi. Kuna hoteli moja nilikuwa nakula zamani, maharagwe yanaelea kwa mafuta hadi ukiinamisha sahani mafuta yanakimbia peke yake. Ile si chakula ya moyo.

Sasa matokeo. Wiki ya kwanza niliharibu mwenyewe, nilikula sahani nzima mchana na nikabeba ingine ya jioni, kila siku, kutoka kwa maisha ya chipsi moja kwa moja. Tumbo lilivimba, usiku sikulala, nikaambia mathe nimeshindwa. Akanipimia nusu sahani, akaniambia nianze na ndengu na kamande kwanza, madondo yangoje, na akaniwekea kikombe cha maji mbele bila kuniuliza. Wiki ya tatu nikarudi sahani nzima na gesi ilikuwa imetulia kabisa. Baadaye nikajua hiyo ni kawaida, bakteria wa tumbo wanajipanga upya ukiwalisha pole pole, watu waliopimwa wakila maharagwe kila siku wengi wao hawakusikia hata shida hiyo, na walioisikia wiki ya kwanza ilipungua wiki zilizofuata.

Choo nikianza kuongea sitaki kunyamaza. Kufika mwezi wa pili nilikuwa naenda kila asubuhi kabla nitoke nyumba, laini, bila kusukuma, bawasiri ikarudi ndani na haijanisumbua tena. Sehemu ya faiba ambayo haiyeyuki inafanya uchafu uwe mwingi na ushike maji, unapita haraka. Ile inayoyeyuka bakteria wanaila, na wakiila wanatoa asidi fulani fupi za mafuta, moja inaitwa butireti, ambayo ndio chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Yaani ukikula ndengu unalisha ukuta wa tumbo lako. Mimi hiyo niliiskia nikashangaa.

Kwa moyo, hii ndio vile nimeelewa. Ini linatengeneza nyongo kutumia kolesteroli, nyongo inashuka kusaidia kusaga mafuta, na kawaida mwili unaivuta irudi itumike tena. Faiba inayoyeyuka inakuwa kama ute, inashika ile nyongo inatoka nayo kwa choo. Ini likikosa nyongo linalazimika kuchota kolesteroli kwa damu litengeneze ingine. Na potasiamu ya maharagwe inasaidia presha. Watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya majaribio 26 yenye watu 1,037 wakatoa majibu mwaka wa 2014, wakakuta kama gramu 130 za jamii ya maharagwe kwa siku, yaani ile sahani moja ya mathe, inashusha LDL kwa karibu asilimia 5. Si muujiza, ni asilimia 5. Na Marekani kuna watu zaidi ya 9,600 walifuatiliwa miaka 19, matokeo yakatoka 2001, waliokuwa wanakula jamii ya maharagwe mara nne ama zaidi kwa wiki hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 22 kuliko wale wa chini ya mara moja. Hiyo ya pili ni ya kuangalia watu wanavyoishi, pengine wala maharagwe wako na tabia zingine nzuri pia, lakini ukiweka hizo mbili pamoja mimi inanitosha kukula ndengu.

Yangu baada ya miezi minne ilishuka kutoka 4.3 hadi 3.8. Sitasema ni ndengu peke yake, juu niliwacha chipsi na soseji na siku hizi natembea kutoka duka hadi stegi ya mbali. Lakini ni ndengu ilichukua nafasi ya chipsi, bila mahali pa kukula kitu kitamu na cha bei sidhani ningewacha. Na kama uko kwa dawa za kolesteroli ama presha usiache kwa sababu yangu, kula na umeze.

Kitu ingine inanigusa. Hii habari yote ya faiba duniani ilipata nguvu kutoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Kuna daktari mpasuaji Denis Burkitt, alifanya kazi hospitali ya Mulago kule Uganda kutoka miaka ya arobaini hadi sitini, na mwenzake Hugh Trowell aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda. Waliona watu wa mashambani ambao wanakula maharagwe, mboga na nafaka isiyokobolewa hawana choo kigumu, hawana bawasiri, na ugonjwa wa moyo ni nadra sana kwao, na Uingereza kwao hizo ndio zilijaza hospitali. Miaka ya sabini wakaanza kuambia Wazungu wakule faiba. Yaani walijifunza kwa sahani za nyanya zetu, na mimi mjukuu niko Kirinyaga Road nanunua kopo la elfu mbili. Hiyo niliifikiria wiki nzima.

Turudi kwa kibanda, kuna mabaya pia. Nafasi ni ndogo, saa saba kamili watu wamejaa unakula umesimama na sahani mkononi na mkokoteni unapiga kelele nyuma yako. Chakula kinaisha mapema, saa nane ukifika unakuta sufuria ya wali tu na mchuzi umebaki wa kupaka. Maji ya kunawa yako kwa jerikani yenye mfereji, ni safi lakini sabuni saa zingine inakuwa imeisha, nimemwambia. Siku mbili tatu chumvi ilikuwa imezidi, hizo siku alikuwa amewachia kijana wake kupika. Na chapo ni ya unga mweupe, ningefurahi sana kama angefanya hata siku moja kwa wiki ya unga wa atta, nimemuomba, amesema wateja watakataa juu ya rangi. Mimi siku hizi nachukua ndengu na nusu chapo na kachumbari nyingi.

Kachumbari usiwache, na ukipata limau kamua. Madini ya chuma ya maharagwe mwili unayavuta kwa shida, vitamini C ya nyanya na limau inasaidia. Chai nayo inayazuia, kwa hivyo wale wa kushushia ndengu na chai moto hapo hapo, ngojeni hata saa moja. Hii niliambia wamama wawili wanaouza mitumba tunakaa nao benchi moja, mmoja alikuwa na upungufu wa damu na alikuwa anashushia na chai kila siku.

Kama uko na ugonjwa wa figo ongea na daktari kwanza juu ya potasiamu. Kama tumbo lako ni lile la kuchafuka na kila kitu, anza na vijiko vitatu vinne vya kamande uone. Wa sukari mtafurahia, ndengu haipandishi sukari kwa kishindo kama wali mtupu ama mkate.

Kutoka kumi nampa tisa, ile moja iliyobaki ni ya sabuni na chapo nyeupe. Yuko Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili anaenda kanisa. Njahi ni Alhamisi na inaisha kabla ya zote, fika saa sita na nusu. Lipa kwa simu ama keshi, lakini noti ya elfu usimpelekee asubuhi juu hana chenji. Na ukiwa hujazoea mwambie mapema, "mathe niwekee nusu," atakuwekea nusu na kikombe cha maji kando.